Mlimpenda nani kwenye kile cha kwanza?

Swali (nimelifupisha): "Habari za kazi kaka. Tuna kikundi chetu cha kusoma vitabu, wengi tunakaa Sinza na Mwenge. Tulisoma The Silence of the Lambs ya Thomas Harris tukaipenda wote bila ubishi, tukaunganisha na Hannibal ambayo ndo mwendelezo wake, na hapo ndo balaa lilipoanzia. Nusu wanasema ni bora kuliko cha kwanza, nusu wanasema mwandishi kamchinjia baharini Clarice, yule binti mpelelezi wa FBI, na kuna mmoja kaleft grupu kabisa. Mimi niko katikati ila ule mwisho umenikera sana. Hivi tatizo ni kitabu au ni sisi? Na hiki kinachofuata, Hannibal Rising, tusome au tuachane nacho?"

Jibu:

Salama dada yangu. Huyo aliyeleft msimbembeleze, atarudi mwenyewe, watu wa vitabu hawawezi kukaa mbali na ubishi hata wiki. Ila kabla sijaanza nitoe tangazo, kama kuna mtu anasoma hapa na hajavimaliza vitabu hivi viwili aishie hapahapa maana namwaga kila kitu, mwisho pamoja.

Hamjawa wa kwanza kugombana. Hannibal ilitoka Juni 1999, na kile cha kwanza kilikuwa cha 1988, yaani watu walikaa miaka kumi na moja wakisubiri, halafu kilipotoka wakagawana hivyohivyo kama nyie. Stephen King, ambaye kutisha watu ndo kazi inayomlisha, alikiandikia uhakiki kwenye New York Times akakiweka kwenye riwaya mbili za kutisha kuliko zote za zama hizi, nyingine akaitaja The Exorcist. Mwaka huohuo Martin Amis wa Uingereza, ambaye vitabu vya mwanzo vya Harris alikuwa anavikubali kabisa, akakishukia hiki kwenye jarida la Talk akakichana vipandevipande. Sasa hao ni watu wawili wanaojua kuandika, wamesoma kurasa zilezile. Kwa hiyo asije mtu kwenye grupu lenu akasema wenzake hawajui kusoma.

Mimi kazi yangu ni kuhariri miswada ya riwaya, na nyingi zinazonifikia ni za upelelezi na mauaji, kwa hiyo swali la mwendelezo nalikuta mara kwa mara, na mtu akiniletea ugomvi kama wenu huwa sianzi na cha pili, naanza na cha kwanza. Waulize wenzako mmojammoja: kwenye The Silence of the Lambs ulikuwa unafungua ukurasa unaofuata kwa ajili ya nani? Clarice, au Hannibal Lecter, yule daktari wa akili anayeua watu na kuwala? Atakayekujibu Clarice, bila shaka ndo huyo anayelalamika leo. Atakayesema Lecter ndo anayeshangilia. Ugomvi wenu haukuanzia kwenye mwisho wa Hannibal, mlikuwa nao tangu kitabu mlichodhani mmekubaliana, ila kile cha kwanza kilikuwa kimesukwa vizuri kiasi kwamba watu wa Clarice na watu wa Lecter walikaa meza moja bila kujuana.

Angalia kilivyosukwa. Clarice Starling ni mwanafunzi tu pale chuo cha FBI Quantico, binti aliyetoka kwenye umaskini, baba yake alikuwa mlinzi wa usiku wa mji mdogo akapigwa risasi akafa. Bosi Jack Crawford anamtuma akaongee na Dokta Lecter kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili waliotenda jinai huko Baltimore, akiwa na matumaini kwamba jamaa atasaidia kumpata muuaji anayechuna wanawake ngozi, na muda unaenda maana binti wa seneta ameshatekwa. Hiyo ndo stori. Stori ni ya Clarice, mwanzo mwisho. Lecter yuko ndani, kafungiwa, anatoa kidogo anachukua kidogo, kila anachokijua anakiuza kwa bei ya siri moja ya moyoni mwa yule binti. Sehemu zake zikihesabiwa ni chache kuliko mtu anavyokumbuka, na hata kwenye ile sinema ya 1991 Anthony Hopkins anaonekana chini ya nusu saa na bado akaondoka na Oscar ya muigizaji bora wa kiume, si ya muigizaji msaidizi, ya muigizaji bora! Lecter anatisha kwa sababu haonekani sana, na kwa sababu yuko nyuma ya vyuma. Unajua akitoka itakuwaje, na unaombea asitoke huku moyoni unatamani atoke. Halafu anatoka kweli, Memphis pale, na hao askari wawili anaowaua kule hawakuwa wamemfanyia ubaya wowote wa maana. Hilo la askari naomba ulishike, nitalirudia.

Na mwisho wa kitabu kile anamwandikia Clarice barua, anamwambia hana mpango wa kumfuata, dunia inanoga zaidi yeye akiwa yumo. Yaani wameachana kwa heshima, kila mtu upande wake. Msomaji wa Clarice alifunga kitabu akiwa na uhakika kwamba yule binti ameshinda, ameokoa mtu, amelala usingizi. Hiyo ilikuwa ahadi, na akaishi nayo miaka kumi na moja.

Sasa mwandishi unarudi na mwendelezo, unafanyaje? Njia rahisi ilikuwa ipo: Lecter anakamatwa tena, anarudishwa selo, anakuja muuaji mwingine, Clarice anaenda kumuuliza maswali. Mchapishaji yeyote angelipa. Harris akakataa, na mimi kwa hilo namvulia kofia kabisa. Akamweka Lecter nje, na ukishamweka nje hana tena vyuma vya kumfanya aogopwe, inabidi umtafutie namna nyingine ya kukaa kwenye stori, na mbinu aliyotumia ndo ileile tunayoitumia wote kwenye hizi riwaya, unamtafutia mtu mbaya kuliko yeye. Ndo akaja Mason Verger, tajiri wa biashara ya nyama, uso hana, anakunywa machozi ya watoto, anafuga nguruwe wa kumla Lecter akiwa hai. Akaja Pazzi, polisi wa Florence kule Italia anayemuuza Lecter kwa pesa. Akaja Krendler wa Wizara ya Sheria mwenye mdomo mchafu kwa wanawake. Wote hao wakiuawa wewe msomaji hulii, tena wengine unashangilia. Rudi sasa kwa wale askari wa Memphis. Kwenye kitabu cha kwanza Lecter anaua watu waliokuwa kazini tu, na unaogopa. Kwenye cha pili wengi anaowamaliza mbele ya macho yako ni watu ambao mwandishi ameshakufanya uwachukie, na pole pole, bila kustuka, umehama, zimwi limekuwa shujaa wako. Aliyempenda Lecter tangu mwanzo anaona raha tupu. Aliyempenda Clarice anaona kama anaingizwa mjini.

Tuwe wakweli lakini, wale wanaoutetea mwisho wana hoja nzito kuliko wanavyoijua wenyewe, mara nyingi wanaishia kusema "ni sapraizi kali" na basi. Hoja yenyewe ni hii. Kitabu kinaanza na Clarice kwenye lile soko la samaki, operesheni imeharibika, analazimika kumpiga risasi mwanamke aliyebeba mtoto mchanga, na kesho yake magazeti yanamla. Imepita miaka saba tangu ile kesi iliyompa jina, na hajapanda cheo cha maana, kila akijaribu kusogea kuna mkono wa Krendler unamrudisha. Ofisi aliyoipa ujana wake inamtafutia kosa. Crawford, aliyekuwa kama baba kazini, anazeeka, anaugua, anakufa. Wanamsimamisha kazi kwa ushahidi wa kupandikizwa. Fuatilia utaona mwandishi anafunga mlango mmoja baada ya mwingine, taratibu, mpaka anabaki mtu mmoja tu duniani ambaye anamheshimu Clarice, na huyo mtu ni mla watu. Kwa hiyo ule mwisho haujadondoka kutoka juu, umeandaliwa kuanzia sura ya kwanza. Mtu anayesema "haukuandaliwa" arudie kusoma.

Kuandaliwa na kukubalika ni vitu viwili tofauti lakini, na hapa nakuja upande wako dada. Lecter anamchoma madawa, anamfanyia mambo ya kumlaza akili siku nyingi, anamchimbulia hata mifupa ya baba yake, halafu ndo inakuja ile karamu ya kula ubongo wa Krendler na baada yake wanakuwa wapenzi, tunawaona tena Buenos Aires, Argentina, pale kwenye jumba la opera la Teatro Colón, wamependeza wametulia. Sasa je Clarice amechagua au amechaguliwa? Mwandishi kaacha nafasi ya yote mawili, anakwambia madawa yalishaisha siku nyingi, lakini wewe uliyemfahamu yule binti huwezi kusahau namna alivyofikishwa pale. Wanaokasirika hawakasiriki kwa sababu ni mapenzi ya ajabu, vitabu vya mapenzi ya ajabu wanavisoma kila siku. Wanakasirika kwa sababu mtu ambaye sifa yake kuu ilikuwa akili yake mwenyewe, isiyonunulika, amefika mwisho bila sisi kuwa na uhakika kama akili ile bado ni yake. Hiyo hasira ni halali na usikubali mtu akwambie hujakielewa kitabu.

Wenye pesa nao waliiona. Jonathan Demme aliyeongoza sinema ya kwanza hakutaka kuongoza ya pili, Jodie Foster hakurudi kuwa Clarice, nafasi ikachukuliwa na Julianne Moore, na Ridley Scott alipoitoa 2001 mwisho ulikuwa umeshabadilishwa, Clarice anabaki polisi, anajifunga pingu na Lecter, na jamaa anajikata mkono wake mwenyewe kuliko kumkata yeye. Sinema ilipiga pesa ndefu, zaidi ya dola milioni 350. Ila mimi ule mwisho wa sinema naona ni wa kuogopa, umekata mguu kwa sababu kiatu kinabana. Angalau kitabu kimekuwa na roho ya kukukera.

Halafu kuna suala la kusubiri, hili watu wanalipuuzia sana. Nyie mmeunganisha vitabu wiki kwa wiki. Wale wa 1999 kati ya kitabu na kitabu walikuwa wameshatazama sinema iliyobeba Oscar tano kubwa, picha, mwongozaji, muigizaji wa kiume, wa kike, na muswada, kwa hiyo wengi Clarice wao hakuwa wa kwenye karatasi tena, alikuwa ana sura ya Jodie Foster, na mtu ukimpa sura anakuwa kama ndugu. Na nyie msijidanganye, naamini zaidi ya nusu ya grupu mlikuwa mmeshaiona muvi kabla ya kitabu. Mwandishi Conan Doyle alikutana na hili zamani, alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1893 akiwa amemchoka, watu wakachukia, miaka kumi baadaye akamrudisha, na mwenyewe ameandika kwamba mwenye mashua mmoja alimwambia huenda Holmes hakufa alipoanguka kule jabalini lakini tangu siku ile hakuwa tena mtu yuleyule. Na Doyle hakuwa amembadilisha Holmes wala nini! Upande wa pili kuna Dan Brown, kakaa miaka sita baada ya The Da Vinci Code akaja na The Lost Symbol 2009, nakala za kuanzia milioni 6.5, kapika vilevile kama mwanzo, na lawama ikawa kwamba mbona ni kilekile. Kwa hiyo lawama haikwepeki, ila za Harris ni lawama za mtu aliyethubutu, mi naziona zina uzito tofauti.

Sisi huku tuna mazoea yetu pia, yanachangia. Tumekulia kwenye Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Toka Kufa na Kupona ya 1974 mpaka Kikosi cha Kisasi ya 1979 Willy Gamba ni yuleyule, suti, bastola, warembo, risasi zinampita kushoto na kulia, anamaliza kazi anarudi Dar. Hakuna aliyewahi kufungua Willy Gamba akaogopa kwamba safari hii atakuta jamaa amekuwa mtu mwingine. Msomaji wa Bongo aliyelelewa hivyo anaingia kwenye mwendelezo akiwa na imani kwamba shujaa ni mali ya wote, anarudi kama alivyoondoka, mwandishi kazi yake ni kumbadilishia adui tu. Ukimpa Hannibal lazima astuke. Na si kosa lake, kila aina ya hadithi ina adabu zake.

Sasa swali lako, ni kitabu au ni nyie. Jibu langu: kitabu kimebadilisha aina bila kuwaambia, na nyie mkaendelea kukisoma kama aina ya zamani. The Silence of the Lambs ni riwaya ya upelelezi, ina muda unaokimbia, ina ushahidi, ina mdudu aliyekutwa kooni mwa maiti akapelekwa kwa wataalamu wa makumbusho, msimulizi amejificha husikii hata anapumua. Fungua Hannibal usikilize sauti. Msimulizi kajitokeza, mara anahamia wakati uliopo, mara anasema "sisi", anakushika mkono anakupeleka dirishani uchungulie halafu anakwambia tuondoke taratibu. Huyo si mwandishi wa faili la polisi tena, huyo ni mtambaji. Na anachotamba ni ngano ya zamani kabisa, binti na zimwi, kasri, karamu, tajiri mwenye uso ulioliwa, nguruwe wanaokula watu, Mtaliano anayenyongwa kwenye ukuta wa jumba la Palazzo Vecchio kama mzee wa ukoo wake alivyonyongwa hapohapo mwaka 1478 (hilo la 1478 ni historia ya kweli, familia ya Pazzi walijaribu kuwapindua akina Medici waliokuwa wanatawala Florence). Ngano haikuulizi kama polisi mwenye akili timamu angefanya hivi. Ukikisoma kama upelelezi kinaanguka baada ya Florence. Ukikisoma kama ngano kinasimama, kinatisha, na ule mwisho unakuwa unaeleweka hata kama haupendezi. Kile kipande cha Florence chenyewe sijakutana na mtu wa upande wowote anayekiponda, nyie mmepata hata mmoja?

Kosa lake kubwa mimi naliona kwingine kabisa na nashangaa hamjalitaja. Kwenye kitabu cha kwanza Clarice anajaribu kumchambua Lecter, na jamaa anamjibu kwamba hakuna kilichomtokea, yeye ndo ametokea. Hapo nywele zilinisimama. Yaani usitafute sababu, hamna. Halafu kwenye Hannibal tunaletewa Mischa, mdogo wake wa kike, huko Lithuania wakati wa vita, wanajeshi wenye njaa wamemla. Kumbe kulikuwa na kilichomtokea! Yule mtu aliyekuwa hana maelezo akawa na maelezo, tena ya kuonewa huruma. Mwisho wa Clarice mnaweza kubishana mpaka asubuhi, ila hili mimi naona lilimpunguza Lecter kuliko risasi yoyote.

Na ndo maana la Hannibal Rising jibu langu ni fupi. Ni ya 2006, inarudi nyuma utotoni, yaani imechukua hicho kipande cha Mischa ambacho ndo dhaifu ikakifanya kitabu kizima. Prodyuza Dino De Laurentiis alishasema hadharani kwamba stori ya ujana wa Lecter itatengenezwa Harris akiwemo au asiwepo, na Harris akaandika kitabu pamoja na muswada wa sinema yake, na ukisoma utahisi kwamba mwenye nyumba kaamka kwa sababu mgeni kashaanza kupika. Kuna kurasa nzuri, jamaa hawezi kuandika vibaya kurasa zote, ila haiwahusu. Itawaongezea ugomvi mwingine ambao hata hauna utamu.

Mkisome badala yake Red Dragon ya 1981, maana naona mmeiruka na ndo ya kwanza kabisa yenye Lecter ndani. Humo yumo kidogo zaidi, karibu hayumo, mpelelezi ni Will Graham ambaye ndo aliyemkamata, na wale wenzenu wanaolilia upelelezi watapata wanachokitaka bila kuharibiwa Clarice maana hajazaliwa bado kwenye vitabu. Mtaani kwa wale wauza vitabu vya mtumba pale Posta na Samora vitabu vya Harris huwa vinapita, ila uwe na subira ya kuinama kwenye mafungu, na usionyeshe sura ya kutamani, watakupandishia bei. Kianzie mikononi mwa wale wa Clarice, wale wa Lecter wasubiri zamu.

Huyo aliyeleft, kama ana nakala yake ya Hannibal na kweli hataki kuiona, mwulize anaiuza shilingi ngapi. Ya kwangu niliiazimisha haijarudi.